Breki ya Upande wa Pili

Miguu ya mama ilikuwa imekunjwa nyuma, visigino vikigusa kiti, kama mtu anayeogopa kulowesha viatu vyake. Mbele ya vidole vyake kulikuwa na pedeli mbili, klachi na breki, ambazo mipira yake ilikuwa imelika kwa kukanyagwa na viatu vya mwalimu. Gari lenyewe lilikuwa la kufundishia udereva. Siku za kazi mwanafunzi aliketi kwenye usukani na mwalimu akaketi upande wa pili, mguu juu ya breki yake mwenyewe, tayari kumwokoa mjinga kutoka kwenye ujinga wake. Siku za matembezi ya familia alikivua kibao kilichokaa juu ya paa, akahamia kwenye usukani, na mkewe akaketi mahali pa mwalimu. Sharti lilikuwa moja, nalo lilitolewa wiki ya kwanza ya ndoa: hizo pedeli zina mwenyewe, usiziguse.

Hakuwahi kuzigusa. Alikuwa dobi katika hoteli kubwa, mtu wa kupiga pasi na kukunja mashuka kutwa nzima, na kukunja hakukumpa taabu. Alikunja shuka, akakunja maneno, akajikunja mwenyewe ilipobidi. Ila asubuhi hii alikunja kwa shida, maana ubavu wa kushoto ulimchoma kila gari lilipopanda tuta.

Kisa cha ubavu huo ni matembezi haya haya. Juzi binti yao wa kidato cha mwisho alisema kwamba sasa amekua, hana haja tena ya kupelekwa kwenye bustani ya michezo kila likizo kupanda farasi wa plastiki. Mwalimu akauliza ni nani aliyemfundisha kukataa furaha aliyotafutiwa na babake. Mama, bila kuacha kusugua sufuria, akasema, mwache, mtoto amekua. Hayo tu. Ukingo wa sinki la jikoni kwao ni wa zege, na mwalimu alimsukuma pale mara moja, akamwinua, akamsukuma tena ili somo liingie. Watoto walisikia yote wakiwa chumbani, kwa sababu kuta za nyumba ile hazijapata kutunza siri. Na leo wote wanne walikuwa njiani kwenda kufurahi.

Mtaani walimwita Mwalimu Zima. Mwanafunzi akikosea vibaya, mwalimu hakupayuka kama wenzake wa kazi hiyo. Alikanyaga breki yake, akasema kwa upole maneno mawili: "Zima. Shuka." Mwanafunzi akaachwa hapo hapo, hata kama ni katikati ya mzunguko wa magari. Watoto wa mtaa waliyachukua maneno hayo wakayatumia kwenye mpira, na mwalimu aliposikia alicheka sana. Hata shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliwahi kushushwa darajani mvua ikimwagika. Yule dada alijifunza kwingine, sasa anaendesha gari la mikate la kiwanda, na kila akimpita mwalimu barabarani humpigia honi ndefu kuliko inavyohitajika.

Kwa watu wa nje mwalimu alikuwa mpole, na hakuwa akiigiza. Nje alikuwa na breki yake. Nyumbani, ambako kila mtu alikuwa na usukani wake mdogo, alijiona kama abiria, na hilo lilimtia wazimu. Kabla ya kupiga alikuwa na neno lake: "Umeingia njia yangu." Halafu mkono. Baadaye, akishatulia, alimkumbusha mkewe kwamba samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba alikuwa amewafanyia hisani.

Walifika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mwalimu alikuwa na ratiba kichwani na aliisema wakitembea: kwanza treni ya kuporomoka, halafu bembea ya duara, halafu chakula, halafu vigari vya kugongana, ndipo warudi. Hakuna kutawanyika. Familia zilizowapita zilikuwa zimekwisha kutawanyika, vijana wakikimbilia huku, wazazi wakiagana nao kwa simu. Mlangoni mwa treni kulikuwa na ubao wa kupimia urefu. Mwana wao, ambaye zamani alinyanyuka kwa ncha za vidole ili aufikie mstari, mwaka huu alirefuka hata suruali zake zote zikawa kaptura, na dada yake akambandika jina la Twiga. Ilimbidi ainame kuupita ubao huo. Mwalimu alimwangalia akiinama, na mama aliona taya la mumewe likikaza.

Mama alisema angewasubiri chini. Mwalimu akasema wamekuja kama familia na watapanda kama familia. Basi akapanda, binti yake ubavuni, na fito la chuma likashuka likamkandamiza pale pale palipoumia. Treni ilipopanda alishikilia pumzi. Ilipoporomoka fito lilimwingia, akapiga yowe ambalo hakujua alikuwa nalo, akapiga la pili kwenye kona na la tatu kwenye mteremko wa mwisho, na mayowe yake yakachanganyika na ya watu waliokuwa wakifurahi. Tangu juzi hakuwa amelia. Hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu angeweza kulia kwa sauti yote na asiulizwe una nini.

Waliposhuka, mwalimu alimpiga begani akicheka, akasema leo umejua kufurahi. Binti hakucheka. Yeye alikuwa amekaa karibu, na anajua sauti ya mamake.

Kwenye foleni ya choo binti alimvuta mamake kando, karibu na mabomba ya kunawia. Alimweleza kwamba yeye na Twiga wamekwisha zungumza na mama mdogo. Akimaliza kusambaza mikate atakuja kuegesha nje ya lango la bustani, na wao wawili watapanda gari lake. Nguo zao chache wamezitia kwenye mikoba yao ya shule, imo kwenye buti la gari la baba, chini ya blanketi. Alikuwa akizungumza huku amefungua maji, ili mtu mwingine asisikie.

"Lile gari la baba hatulipandi tena, mama. Na wewe usilipande."

Mama alijibu kama alivyojibiwa na mamake mwenyewe: mkono usioweza kuukata, ubusu. Akaongeza kwamba nyumba zote zina mambo, kwamba baba yao hapungukiwi na mapenzi ila anapungukiwa na subira, na kwamba mtu hufunika kombe mwanaharamu apite.

"Mwanaharamu mwenyewe hapiti," binti akasema. "Tunalala naye nyumba moja."

Mkono wa mama uliinuka. Ulifika usawa wa shavu la mtoto kabla yeye mwenyewe hajajua umeinuka, kiganja wazi, na kichwani mwake lilikuwa limekwisha pita neno, umeingia njia. Binti hakukwepa. Alifumba macho tu, akasubiri, kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Utulivu huo ndio ulioutisha mkono. Mama aliushusha, akautia chini ya maji yaliyokuwa bado yanatiririka, akaunawa polepole kwa muda mrefu, na alipoinua uso binti alikuwa amekwisha ondoka.

Wakaenda kula. Twiga alikula huku akimtazama babake mikono.

Hapa lazima nieleze habari ya vigari, maana hakuna familia nyingine iliyowahi kuvitumia vile. Kila mtu anajua kwamba vigari vya kugongana viliundwa vigongane. Vina mipira mikubwa kiunoni, vina pedeli moja tu ya kwendea, na breki havina kabisa. Lakini tangu watoto walipokuwa wadogo, mwalimu alikuwa ameugeuza uwanja ule kuwa darasa. Familia yake ilizunguka kwa mstari, yeye mbele, binti nyuma yake, kisha Twiga, mama mwisho, wote upande wa kushoto, wakinyoosha mkono kabla ya kukata kona, na hakuna kumgusa mtu. Watu waliwapigia makofi ya kejeli, naye mwalimu akawajibu kwa kuinua kidole gumba. Wakati huo watoto waliona fahari. Binti aliwahi kujisifu shuleni kwamba familia yao peke yake ndiyo isiyogongana.

Wakaingia. Mwendeshaji, mwanamke mnene aliyevaa ovaroli na kukaa kwenye kibanda cha kioo, aliwatambua kutoka likizo zilizopita, akawapungia. Kengele ikalia, umeme ukaanza kuwaka cheche kwenye wavu wa juu, na mwalimu akatangulia, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto nje ya kigari kuonyesha kwamba anaingia barabarani.

Twiga alitoka kwenye mstari. Alikata uwanja katikati, magoti yake yamejikunja karibu na masikio, akaja kwa kasi yote ya kigari kile, akamgonga babake ubavuni. Shingo ya mwalimu ilirukia upande mmoja ikarudi. Alicheka, kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Akamwonya mwanawe kwa kidole na akashika tena njia yake ya kushoto.

Twiga alirudi nyuma, akamgonga tena. Safari hii kwa mbele, uso kwa uso. Kifua cha mwalimu kiligonga usukani, miwani ikaruka ikasagwa chini ya kigari cha watu wengine. Kabla hajakaa sawa, binti naye akamjia kwa nyuma. Hawakuwa wameshauriana, hilo nina hakika nalo, maana Twiga alipomwona dada yake aligutuka. Halafu wakaanza zamu. Mmoja akigonga, mwingine anarudi nyuma kutafuta nafasi. Hawakuwa wakicheka. Vijana wengine uwanjani, wakidhani ni utani wa nyumbani, walianza kushangilia na kusema mmalizeni mzee, na kila kishindo kikaitikiwa na watu waliosimama kwenye uzio.

"Breki," mwalimu alikuwa akisema. "Shika breki. Nasema shika breki." Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu ya kigari, mahali ambapo miaka yote ya kazi yake palikuwa na pedeli.

Mama alikuwa peke yake upande wa kushoto, akizunguka kama alivyofundishwa. Alipofika kona alinyoosha mkono. Aliwaona wanawe wakimpiga baba yao mchana kweupe, kwa chombo kilichoruhusiwa, mbele ya watu wanaolipia kuona, na akahisi aibu. Kisha, chini ya aibu, akahisi kitu kingine chenye ladha ya chuma mdomoni, na hakukipa jina kwa sababu alikijua. Ilikuwa ni furaha.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwalimu hakupata kuwa mtu wa kujibu kwa maneno. Alisimama. Mwendeshaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti kwamba hakuna kushuka umeme ukiwaka, lakini alikuwa amekwisha ruka, akachechemea kati ya vigari, akamfikia Twiga na kumkamata ukosi wa shati.

"Umeingia njia yangu."

Pigo la kwanza lilimpata mtoto mdomoni. La pili lilimpata sikioni, na la tatu, la ngumi, lilitua juu ya jicho kwa sauti kavu iliyosikika juu ya muziki. Damu ilimtoka mdomoni ikadondokea shati lake jeupe la likizo. Twiga alikuwa mrefu kuliko babake, mikono yake mirefu kama makasia, na angeweza kumshika. Hakumshika. Alikamata usukani kwa mikono yote miwili akakaza macho mbele, kama mtu anayefanya mtihani wa barabarani na hataki kupoteza alama. Binti alikuwa akijaribu kushuka na mkanda ulikuwa umemkwama. Kwenye uzio hakuna aliyeshangilia tena. Pigo la nne likainuka.

Mama alikanyaga. Ndani ya kigari kile palikuwa na pedeli moja tu, ya kwendea, naye aliikanyaga mpaka chini, akauacha upande wa kushoto, hakunyoosha mkono. Alimgonga mumewe nyuma ya magoti. Alimwona akipinda, akaona kiganja chake kikitafuta hewani kitu cha kushika, akamwona akianguka kifudifudi kwenye bati la sakafu kwa kishindo kilichotikisa uwanja, na mguu wake haukutoka kwenye pedeli. Kigari kiliendelea kumsukuma mguuni, kikinguruma, kikimburura kidogo kidogo, mpaka mwendeshaji alipokata umeme.

Vigari vyote vikafa kwa pamoja. Muziki uliendelea.

Mwalimu aligeuka akakaa chini. Pua ilikuwa ikimvuja damu. Bila miwani alihangaika kutafuta ni nani aliyemgonga, akamtazama binti kwanza, akatazama vijana wa watu, mwisho macho yake yakafika kwa mkewe na yakakaa hapo. Alionekana mzee ghafla, na mama alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi. Mwendeshaji alitoka kwenye kibanda chake, akamwambia mwalimu kwa heshima lakini bila tabasamu kwamba mzee, tafadhali toka uwanjani. Alitoka akichechemea, na watu wakampisha njia.

Mama alimfuta Twiga damu kwa ncha ya mtandio wake. Jicho lilikuwa limeanza kufunga. Mtoto alimwambia twende, mama, mama mdogo amefika. Yeye akawaambia watangulie, mkoba wake wenye funguo za nyumba umo garini, na mikoba yao ya shule pia, ataichukua na kuwafuata. Alisema kweli. Alikusudia hivyo.

Garini mwalimu alikuwa ameketi kwenye usukani. Alikuwa amekwisha nawa uso, amebandika kipande cha karatasi puani, na utulivu wake ulikuwa umerudi. Mama aliufahamu utulivu huo kuliko alivyoifahamu hasira. Alifungua buti, akaitoa mikoba ya watoto, akaivaa begani yote miwili. Kisha akafungua mlango wa mbele kuchukua mkoba wake sakafuni.

"Ingia," mwalimu akasema.

Akaingia. Sijui nimsemee nini. Mwili una mazoea yake, na mwili wake ulikuwa umeingia kwenye gari lile kwa neno hilo tangu ujana. Alikaa na mikoba mapajani, miguu ikajikunja yenyewe nyuma, visigino vikagusa kiti. Gari likaondoka. Njiani kuelekea lango mwalimu alizungumza kwa sauti ya darasani. Watoto watarudi, hawana pa kwenda, na wakirudi wataona cha mtema kuni. Yule dada wa mikate atakutana naye. "Na wewe," akasema, akikata kona polepole, "na wewe tutaongea nyumbani."

Nje ya lango, kando ya barabara, gari la mikate lilikuwa limeegeshwa milango ya nyuma ikiwa wazi. Mdogo wake alikuwa kwenye usukani, shingo ameitoa dirishani. Binti aliliona gari la baba yake likija na mamake ndani yake, na mabega yake yakashuka. Hakupunga mkono wala hakuita. Twiga, tambara la barafu jichoni, alitazama mara moja kwa jicho lililobaki, kisha akageuza uso upande mwingine, taratibu, kama mtu anayempa mgeni nafasi avae nguo.

Mguu wa kulia wa mama ulikunjuka. Alihisi mpira uliolika chini ya soli, akashangaa jinsi pedeli ilivyokuwa nyepesi, akakanyaga.

Gari liliruka mbele likazimika. Mwalimu alitazama dashibodi. Akaliwasha, likasogea hatua moja, likazimika tena. Hapo ndipo alipotazama chini, upande wa pili.

"Ondoa mguu."

Aliwasha mara ya tatu akakaza mafuta. Injini ilipiga kelele, gari zima likatetemeka, mikoba ya watoto ikatetemeka mapajani mwake, ubavu ukamchoma kama siku ile ile. Mkono wa kushoto wa mwalimu ulitoka kwenye usukani ukainuka. Mama aliuona. Hakufumba macho. Alikuwa na breki, na alikuwa ameishika, na aliona kwamba mumewe hajui la kufanya na mtu aliyeshika breki.

"Zima," akamwambia, kwa upole.

Lile lilikuwa neno la mwalimu mwenyewe. Alikuwa amewapa watu wengi, hakuna aliyewahi kumpa yeye, na mkono ule uliokuwa hewani ukashuka wenyewe kwenye ufunguo ukauzungusha. Injini ikanyamaza. Kukasikika bustani huko nyuma, treni ikiporomoka na watu wakipiga mayowe.

"Shuka," mama akasema, na hilo alijiambia mwenyewe.

Alifungua mlango. Mguu wa breki ulitoka mwisho, taratibu, kama wa mwanafunzi wa siku ya kwanza, na aliposimama barabarani ilibidi ashikilie paa la gari kwanza. Kisha akaiweka sawa mikoba begani akaanza kuvuka. Mbele yake, ndani ya gari la mikate, Twiga alikuwa amekwisha anza kuhamisha makreti, akiyapandisha moja juu ya jingine, akisukuma mengine kwa mguu, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu kukaa na kunyoosha miguu.